Kwa Nini Mazao ya Handeni na Korogwe Huvuka Mpaka kwa Majina ya Wengine

Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ziko mahali ambapo mtu anayetafuta soko la nje angependa kuwa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hugawanyika Segera, tawi moja likielekea Tanga na jingine likipita Korogwe kwenda Moshi, Arusha na mpaka wa Namanga. Kutoka Tanga mjini kuna barabara ya lami ya kilomita 65 hadi Horohoro, mpakani mwa Kenya. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, na Bandari ya Tanga imekwisha kuchimbwa na kupewa gati jipya. Hata hivyo, ni wafanyabiashara wadogo wachache wa wilaya hizi wanaotambulika katika nyaraka za forodha kuwa wauzaji wa bidhaa nje ya nchi.

Sababu si ukosefu wa wanunuzi. Mahindi ya Handeni hununuliwa kwa ajili ya Kenya. Machungwa ya Mkata na Kabuku hupakiwa katika malori yanayoishia Mombasa na Nairobi, na singa za mkonge wa Korogwe husafirishwa hadi mabara mengine. Mazao yanavuka, lakini anayeandikwa kuwa ndiye aliyeuza nje mara nyingi ni mtu mwingine: kampuni ya mjini, wakala, au mnunuzi aliyekuja na lori lake hadi kijijini. Tofauti ya bei kati ya shamba na soko la nje, fedha za kigeni, na kumbukumbu ya biashara ambayo benki huiangalia kabla ya kutoa mkopo, vyote hubaki kwa huyo aliyeandikwa.

Hali hii haiko Tanga peke yake. Ripoti ya Shirika la Biashara Duniani (WTO) ya mwaka 2016 kuhusu biashara ndogo na za kati ilionesha kuwa katika nchi zinazoendelea, mauzo ya moja kwa moja ya nje yalikuwa asilimia 7.6 tu ya mauzo yote ya viwanda vidogo na vya kati, ikilinganishwa na asilimia 14.1 kwa viwanda vikubwa. Kwa Afrika kiwango kilikuwa asilimia 3, cha chini kuliko maeneo mengine yanayoendelea. Kwa Tanzania, Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaitambua biashara kuwa ndogo inapokuwa na wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji usiozidi Sh milioni 200. Chini ya hapo ni biashara ndogo sana, yenye watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi Sh milioni 5. Wengi wanaonunua na kuuza mazao katika magulio ya Handeni na Korogwe wamo katika kundi hili la pili.

Kikwazo cha kwanza huwakuta wengi kabla hawajapakia gunia hata moja, nacho ni leseni. Chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972, leseni za kundi B hutolewa na halmashauri kwa biashara za ndani, ilhali biashara za kitaifa na kimataifa, ikiwemo kuuza bidhaa nje, ziko katika kundi A, ambalo leseni zake hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Mfanyabiashara mwenye leseni halali ya halmashauri, anayelipa kodi na ushuru wote anaodaiwa, bado hajawa na leseni ya kuuza nje. Maombi ya BRELA hufanyika kwa mtandao na hayahitaji safari ya Dar es Salaam, jambo ambalo halijafahamika vya kutosha vijijini.

Mahindi

Katika mahindi ndipo tatizo la nyaraka huonekana wazi zaidi. Anayetaka kupeleka shehena Kenya anahitaji kibali cha kusafirisha mazao kutoka Wizara ya Kilimo, cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), uthibitisho wa ubora, cheti cha uasili wa bidhaa, na tamko la forodha, ambalo watu wa forodha huliita kadhia. Cheti cha afya ya mimea hutolewa kwa kila shehena. Mwenye lori moja kwa msimu hupita hatua zilezile anazopita mwenye malori hamsini, lakini yeye hubeba gharama na siku za kusubiri juu ya magunia machache.

Uzito wa jambo hili ulionekana Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu. Baada ya siku chache, kufuatia mazungumzo ya Serikali husika, zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti cha uasili, na iwe na uthibitisho kwamba sumu kuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, kiwango kilichomo katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa lori la tani 30, hicho ni chini ya theluthi moja ya gramu ya sumu katika mzigo wote.

Kwa mfanyabiashara mkubwa mwenye ghala na mkataba na maabara, masharti hayo yalimaanisha gharama nyingine tu. Kwa mdogo yalikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu ya namna mahindi yanavyokusanywa. Mchuuzi hununua debe tatu hapa, gunia moja pale, kutoka kaya kadhaa, kila kaya ikiwa imekausha kwa namna yake: nyingine juu ya turubai, nyingine juu ya udongo mtupu. Kuvu haisambai sawasawa katika mzigo. Gunia moja lililoanikwa vibaya na kufungwa likiwa na unyevu laweza kuharibu majibu ya lori zima, na hakuna njia ya kujua lilitoka kwa nani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha unyevu si kifaa cha gharama kubwa ikilinganishwa na hasara ya shehena iliyokataliwa mpakani, na ni jambo la kushangaza kuwa bado ni nadra katika vituo vya kununulia. Sumu kuvu, ikumbukwe, si suala la biashara pekee: mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kiteto, mojawapo ya wilaya zilizoathirika, haiko mbali na Handeni.

Lumbesa nayo huchangia. Gunia lililoshonewa kilemba hupitisha mazao mengi zaidi kwa bei ya gunia moja, na Sheria ya Vipimo hairuhusu ufungashaji unaozidi kilo 100. Mbali na kumpunja mkulima, lumbesa humnyima mfanyabiashara mdogo hesabu ya uhakika ya uzito, na bila uzito hakuna ankara inayokubalika na forodha. Anayeuza kwa lumbesa shambani hawezi kesho yake kuandika mkataba wa tani.

Ni lazima pia kusema kwamba mabadiliko ya maamuzi ya Serikali yenyewe yamewahi kuwagharimu wadogo kuliko wakubwa. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, usafirishaji wa mahindi nje ulizuiwa kwa lengo la kulinda akiba ya chakula nchini. Lengo lilikuwa na msingi wake. Lakini aliyekuwa na ghala aliweza kusubiri, na aliyekuwa amekopa ili ajaze lori moja aliuza kwa bei aliyoikuta. Utaratibu wa vibali kwa mtandao unapunguza haja ya kufunga mpaka wote kwa tangazo moja, mradi vibali vitoke kwa wakati.

Mabadiliko ya karibuni zaidi ni Amri ya Julai 2025 inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, mojawapo ikiwa ni ununuzi wa mazao shambani. Mnunuzi wa kigeni haruhusiwi tena kwenda mwenyewe kutoka shamba hadi shamba akikusanya machungwa au mahindi. Nafasi ya mkusanyaji imebaki kwa raia, na hapa ndipo lilipo swali lenye uzito kwa wilaya hizi mbili. Mkusanyaji raia akinunua kwa fedha za mnunuzi wa nje na kumkabidhi mzigo bila nyaraka zake mwenyewe, atakuwa amepata kamisheni tu. Akiwa na leseni ya kundi A, kibali na cheti cha uasili kwa jina lake, atakuwa yeye ndiye muuzaji nje.

Kwa mizigo midogo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Utaratibu wa Biashara Uliorahisishwa, ambao haujatumika kadiri unavyostahili. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo katika orodha iliyokubaliwa na nchi zinazopakana, na ambayo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa mpakani na maofisa wa forodha, bila ushuru wa forodha na bila kulazimika kumlipa wakala. Kwa mahindi, thamani hiyo haijazi lori kubwa. Kwa asali, viungo au bidhaa za mikono inatosha kabisa. Isieleweke kwamba utaratibu huu unafuta ukaguzi wa afya ya mimea au wa ubora, kwani huo hubaki palepale, na wengi waliorudishwa mpakani hurudishwa kwa kudhani vinginevyo.

Machungwa

Machungwa yana tatizo lake, ambalo ni muda. Mahindi yaliyokauka husubiri cheti, chungwa halisubiri. Msimu unapokolea, mkulima wa Mkata huuza kwa bei atakayotajiwa, kwa kuwa tunda likianguka halina tena bei. Nzi wa matunda huongeza uwezekano wa mzigo kukataliwa. Zaidi ya hayo, machungwa ya ukanda wa joto hubaki na ganda la kijani hata yakiiva, kwa kuwa usiku hauna baridi ya kutosha kuligeuza rangi. Mlaji wa Tanga hana shida na ganda hilo, ila mnunuzi wa mbali aliyezoea chungwa la rangi ya machungwa hulihesabu kuwa bichi. Ndiyo sababu soko la machungwa haya limebaki la majirani, na usindikaji wa juisi ndio njia inayotajwa zaidi ya kulipanua.

Mkonge

Korogwe ina historia ndefu ya kuuza nje kuliko sehemu nyingi za nchi. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa kwanza Pangani, na katika miongo iliyofuata mashamba yakaenea kandokando ya reli hadi Korogwe na kupita. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei duniani, mashamba mengi yakapitia utaifishaji baada ya 1967, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000. Mwaka 2019 Serikali iliuingiza mkonge katika mazao ya kimkakati, ikilenga tani 120,000 ifikapo 2025. Uzalishaji umeongezeka tangu hapo, ingawa uko mbali na ule wa 1964.

Tofauti na zamani, sehemu ya mkonge wa Korogwe sasa ni ya wakulima wadogo waliogawiwa maeneo katika mashamba ya zamani na kujiunga katika Vyama vya Ushirika vya Mazao na Masoko (AMCOS), kama vile vya Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma. Hawa ni wazalishaji wa bidhaa ambayo karibu haina maana isipouzwa viwandani, na kwa kiasi kikubwa viwanda hivyo viko nje ya nchi. Hata hivyo, kati ya mkulima na meli kuna mashine.

Jani la mkonge likikatwa linapaswa kusindikwa ndani ya siku moja au mbili, kabla utomvu haujakauka na kuishikilia singa. Mashine kubwa ya kusindika, yaani korona, huhitaji umeme na maji mengi, na singa inayopatikana haizidi sana asilimia 4 ya uzito wa jani. Hivyo tani moja ya singa hutokana na takribani tani 25 za majani, ambazo lazima zisombwe kwa trekta hadi kwenye korona. Mkulima asiye na korona hana mkonge wa kuuza nje. Ana majani, na bei ya majani hupangwa na mwenye mashine. Korona ikiharibika au foleni ikiwa ndefu, hasara ni ya aliyekata.

Hatua inayofuata ni madaraja. Singa hukaushwa, hupigwa brashi, hupangwa kwa urefu na rangi katika madaraja yanayofahamika kwa majina mafupi kama 3L na UG, kisha hufungwa robota za kilo 250. Mnunuzi wa nje huagiza daraja moja kwa kiasi kinachojaza kontena. Shehena ya tani 20 ni robota 80 za daraja lilelile. Mkulima mmoja hawezi, lakini AMCOS inaweza, iwapo wanachama wanakubali kusubiri hadi kontena lijae na mnunuzi alipe. Katika kusubiri huko ndipo vyama vingi hushindwa, kwa kuwa ada za shule na vibarua wa palizi havisubiri. Mtu akija na fedha taslimu, hata kwa bei ya chini, hupata mzigo. Bodi ya Mkonge Tanzania, yenye makao yake Tanga, imekuwa ikisogeza mashine karibu na wakulima, na ni sahihi kuanza na mashine. Lakini mtaji wa kumlipa mwanachama malipo ya awali unahitajika kwa kiasi kilekile.

Mkonge una faida ambayo mazao mengi hayana: hutolewa majani kwa miaka mingi baada ya kupandwa mara moja. Chotara namba 11648, uliozalishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano wilayani Muheza, huzaa majani mengi kuliko mkonge wa asili. Chama kinachojua mwaka huu kitakachovuna mwaka ujao kinaweza kuweka saini mkataba wa muda mrefu, na mkataba wa namna hiyo ni dhamana benki.

Fedha na masoko ya mbali

Bidhaa ziuzwazo nje hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha sifuri, maana yake muuzaji aliyesajiliwa hurejeshewa kodi aliyolipa katika vifungashio na huduma. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimu usajili ni Sh milioni 200 kwa mwaka. Hatua hiyo iliwapunguzia wadogo mzigo wa ritani, lakini asiyesajiliwa hadai marejesho, hivyo asilimia 18 aliyolipa katika chupa za asali inabaki ndani ya bei yake anaposhindana na mkubwa.

Kwa upande wa mikopo, Benki Kuu ya Tanzania inasimamia mifuko miwili ya dhamana, mmoja kwa mauzo ya nje na mwingine kwa biashara ndogo na za kati. Mifuko hii humdhamini mkopaji kupitia benki yake, hivyo ombi huanzia benki ya biashara.

Kwa wasindikaji wa asali na vyakula, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ina thamani kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama kutambuana alama. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO huhudumiwa na TBS bila malipo kwa miaka mitatu ya kwanza, na baada ya hapo huanza kuchangia kidogokidogo.

Soko la Umoja wa Ulaya limekuwa wazi bila ushuru wala kikomo kwa nchi zenye maendeleo duni, ikiwemo Tanzania, tangu 2001. Kwa shehena isiyozidi euro 6,000, muuzaji yeyote anaweza kutoa tamko la uasili juu ya ankara yake, na zaidi ya hapo lazima awe amesajiliwa. Ushuru basi si kikwazo. Kwa asali, kwa mfano, Ulaya hutaka nchi itokayo iwe na mpango unaokubalika wa kufuatilia mabaki ya dawa, na Tanzania imo katika orodha hiyo, lakini mtu mmoja mmoja bado lazima aoneshe asali yake ilitoka mzinga upi. Mfugaji nyuki anayechanganya asali ya vijiji vitatu katika dumu moja amekwisha kulikosa soko hilo.

Bandari ya Tanga, iliyoboreshwa kwa Sh bilioni 429.1, sasa ina kina cha mita 13 na gati la mita 450. Awali meli zilitia nanga zaidi ya kilomita moja kutoka ukingoni na mizigo ikabebwa kwa matishari. Kwa singa za Korogwe, kupakia Tanga badala ya Dar es Salaam kunafupisha safari ya lori, mradi kampuni za meli zilete makontena ya kutosha.

Mwenye kukwamishwa mpakani na sharti lisilo halali anaweza kutoa taarifa kwa Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa kuwa Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2017 inazilazimu nchi kushughulikia malalamiko hayo. Taarifa huhitaji tarehe, kituo cha mpaka, aina ya bidhaa na nakala ya hati iliyokataliwa. Kwa wakazi wa Handeni na Korogwe, mahali pa kuanzia ni kwa afisa biashara wa halmashauri zao nne, ofisi ya SIDO mkoani Tanga, na Chemba ya Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo (TCCIA), ambayo hutoa vyeti vya uasili kwa masoko mengi ya nje ya Afrika Mashariki. Vyeti na kadhia viombwe kwa jina la biashara inayouza, si la wakala wala mwenye lori, na nakala zake zitunzwe, kwa kuwa ndizo benki itakazoziomba shehena ya pili itakapohitaji mkopo.